Ita Mapema: Kwa Daktari Tarajali Anayeanza Mwaka

Majina ya waliopangiwa vituo yakishatoka, mambo huenda mbio. Juzi ulikuwa mwanafunzi unayesimama nyuma kabisa kwenye raundi ukiomba usiulizwe swali. Leo uko hospitali ya rufaa ya mkoa usioujua, umepanga chumba jirani na geti, na mzee wa umri wa babu yako anajikongoja kukaa vizuri kitandani ukipita kwa sababu umevaa koti jeupe. Una miezi 12: tiba, upasuaji, watoto, wazazi. Mwaka huu utakufundisha mambo ambayo miaka mitano ya chuo haikuweza, na nalisema hilo kwa furaha. Lakini nimesimamia watarajali kwa muda wa kutosha kujua kwamba wapo wanaouanza na moyo mkubwa na kuumaliza wakiwa hawataki tena kumwona mgonjwa. Naandika kwa ajili yao, wawe Mtwara au Kigoma, au Kisumu na Mombasa ambako wanawaita intern.

Jambo ninalotaka ulishike ni moja. Daktari anayedumu katika kazi hii ni yule anayeita watu mapema. Anamwita bingwa kabla mgonjwa hajazidiwa, anamwita mwenzake kabla hajasinzia juu ya faili, anawapigia nyumbani kabla hajaishiwa. Wengi wetu tulilelewa kwenye imani nyingine, kwamba aliye imara ni asiyemsumbua mtu. Imani hiyo imetupotezea madaktari wazuri.

Uchovu ninaouzungumzia ni mzito kuliko ule wa kuamka Jumatatu na usingizi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure jijini New York baada ya kazi zake za mchana, aliandika juu ya alichokiona kwa wahudumu wenzake na kwake mwenyewe: watu waliokuja na ari kubwa, miezi kadhaa baadaye wamekauka, wana hasira za ghafla, na wanawachoka wale wale waliokuja kuwasaidia. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaigawa hali hiyo katika sehemu tatu: moyo kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kwamba hufanikishi lolote katika kazi yako.

Wodini sehemu hizo tatu zina sura zake. Mgonjwa anaacha kuwa Mama Neema aliyetoka Kilosa, anakuwa "ile presha ya kitanda cha saba". Simu ya wodi ikilia, tumbo linakaza kabla hujaipokea. Ndugu wa mgonjwa akiuliza swali la pili, unamkata. Unaandika "endelea na matibabu" bila kumgusa mgonjwa. Unafika chumbani kwako, unakaa kitandani na viatu miguuni, na saa nzima inapita hujui ulikuwa unawaza nini. Mtoto uliyehangaika naye siku nne anaruhusiwa, mama yake anakushukuru kwa machozi, na wewe husikii kitu. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoihofia kuliko zote.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa inatokana na kazi, yaani msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na halikuihesabu kuwa ugonjwa wa mtu. Kila mtarajali anapaswa kulijua hilo, maana aliyechoka hujiambia kwanza kabisa kwamba yeye ni dhaifu, wenzake wanaweza, yeye hakuumbiwa udaktari. Kabla hujajihukumu hivyo, itazame ratiba yako ya zamu.

Tuanze na usingizi, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha utendaji wa watu waliokesha na wa watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alikuwa sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefikisha saa 24 alikaribia asilimia 0.10. Sasa hesabu siku yako. Umeamka saa kumi na mbili asubuhi, umefanya raundi, umekaa kliniki, umeunganisha na zamu ya usiku. Saa tano usiku tayari umefikisha saa 17. Saa tisa, wodi ya vichanga wanakuita.

Kichanga ana kilo 3, anahitaji gentamaisini, miligramu 5 kwa kila kilo. Jibu ni miligramu 15. Kwa kichupa cha miligramu 80 katika mililita 2, hiyo haifiki hata nusu mililita. Nukta ikiteleza unaandika 150, na hizo hazifiki vichupa viwili. Muuguzi ambaye naye amekesha hataona cha kumshtua. Figo na masikio ya mtoto ndivyo vitakavyolipa. Kwa hiyo dozi za watoto usiku usizipigie hesabu kichwani hata kama ulikuwa wa kwanza darasani. Andika kwenye karatasi, tumia kikokotoo cha simu, kisha msomee mtu wa pili kwa sauti. Sista akikuuliza, "Dokta, una uhakika?" mshukuru na upige hesabu upya.

Ukiamshwa kutoka usingizi mzito, akili inaweza kuchukua dakika 15 hadi 30 kuzinduka sawasawa. Usitoe agizo la dawa ukiwa bado umelala. Kaa, washa taa, mwombe sista arudie jina la mgonjwa, umri na vipimo, kisha inuka ukamwone. Mkiwa wawili kwenye zamu, pokezaneni kupumzika mapema usiku ungali mtulivu, hata kwa dakika 20 tu. Usiku ukichachamaa hamtapata nafasi. Chai nzito au kahawa inasaidia, ila nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na kikombe cha saa kumi alfajiri kitakunyima usingizi wa asubuhi ambao ndio hasa unaouhitaji. Ukitoka zamu usiendeshe gari wala pikipiki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa madaktari wa mwaka wa kwanza wanaotoka zamu ndefu, uwezekano wa kupata ajali barabarani uliongezeka zaidi ya mara mbili. Panda daladala au bajaji, na umwambie jirani asikugongee hadi mchana.

Wenzetu walijifunza haya kwa msiba. Machi 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa mikononi mwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na wagonjwa wengi na saa nyingi mno za kazi. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea Marekani yote. Mwaka uliofuata watafiti wa Boston walichapisha matokeo yao kutoka wodi za wagonjwa mahututi: watarajali waliofuata ratiba ya zamani ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya waliopunguziwa saa. Ulaya wao wameshuka hadi saa 48 kwa wiki.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 12 za mapumziko mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Utaambiwa mtarajali si mwajiriwa wa kawaida. Sawa, lakini sheria hiyo inaonyesha kile ambacho nchi imekubali kuwa mwili wa mtu unakihitaji, na unaweza kuitaja kikaoni kwa adabu na kwa sauti inayosikika. Na wewe dada mjamzito, ujue kwamba sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumpangia mjamzito kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Usikeshe leba na mimba ya miezi minane kwa kuwaonea aibu wenzako.

Sasa suala la kuita. Nimewauliza watarajali wengi kwa nini hawakumpigia bingwa usiku, na majibu yanafanana: niliogopa angefoka, nilidhani nitaweza, sikutaka aone sijui. Hofu ya kufokewa ina msingi, sitaikana. Dawa yake ni kujua utakachosema kabla hujabonyeza namba. Bingwa aliyeamshwa usiku hukasirishwa zaidi na maelezo yanayozunguka. Sema hivi:

"Bosi, ni mtarajali wa wodi ya wazazi. Nina mama wa miaka 24, uzao wa kwanza, amejifungua nusu saa iliyopita, anatoka damu nyingi. Presha 80 kwa 50, mapigo 130. Tunakanda mfuko wa uzazi, amepata oksitosini, nimefungua mishipa miwili, nimeagiza damu. Naomba uje sasa."

Hapo kuna wewe ni nani, mgonjwa ni nani, shida ni nini, umefanya nini, na unataka nini. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. "Naomba uje" ni tofauti na "nilikuwa nakujulisha tu". Ukimaliza, andika kwenye faili saa uliyopiga na ulichoambiwa. Asipopokea, piga tena, kisha mpigie anayemfuata kwenye orodha. Ratiba ya zamu yenye namba za mabingwa ipige picha siku ya kwanza ya kila idara, usingoje siku ya dharura uanze kuulizia namba.

Makabidhiano ya asubuhi nayo ni namna ya kuita. Mwaka 2014 hospitali tisa za mafunzo ya watoto huko Marekani na Canada zilichapisha matokeo ya kubadili namna madaktari wanavyokabidhiana wagonjwa, kwa kufuata mpangilio mmoja na aliyepokea kurudia alichoambiwa. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Anza na mgonjwa anayekutia wasiwasi zaidi, sema unahofia atabadilika vipi na afanyiwe nini akibadilika, kisha mwache mwenzako akurudishie kwa maneno yake. Faida ya pili haimo kwenye takwimu hizo: ukishakabidhi vizuri, unaweza kulala. Anayekabidhi kwa haraka mlangoni hufika nyumbani akiwa bado yuko wodini.

Na sindano ikikuchoma, usiifiche. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa saa hiyo hiyo, anza dawa za kinga ya VVU mapema uwezavyo na kabla ya saa 72 kupita, umalize siku 28. Wapo wanaoona aibu usiku wa manane, wakasubiri kupambazuke, halafu wakaishi na hofu miezi mitatu bila kumwambia mtu. Hofu hiyo peke yake inatosha kumwangusha mtu.

Kuna usiku mmoja ambao hakuna aliyekuandaa kwa ajili yake chuoni. Mama anafia mikononi mwako. Umefanya uliyofundishwa, bingwa amekuja, damu imekuja, amekufa. Mume yuko nje na beseni na kanga mpya, na wewe ndiye unayetoka kumwambia. Unarudi, unajaza karatasi, na kwenye kitanda cha pili mwingine tayari anasukuma. Asubuhi hakuna anayekuuliza kitu. Baada ya wiki unasikia kuna kikao cha kujadili kifo, na jina lako liko kwenye faili.

Usiingie kwenye zamu inayofuata bila kulizungumza. Usiku ule ule, kazi ikitulia, wakusanye waliokuwepo kwa dakika tano: sista, mtaalamu wa usingizi, mhudumu aliyedeki damu. Kila mmoja aseme alichokiona na alichohisi. Hapo hakuna wa kulaumiwa wala wa kujitetea. Kisha ulizaneni nani hajala na nani atasindikizwa nyumbani. Kabla ya kikao, kaa na daktari unayemwamini, andika matukio kwa saa zake wakati bado unayakumbuka, na ukienda kikaoni sema yaliyotokea kama yalivyotokea. Kikao kizuri hutafuta kilichokosekana: damu ilichukua muda gani, gari lilikuwa wapi, simu ilipokelewa saa ngapi. Kikigeuka kuwa kesi dhidi ya mtarajali, mwenyekiti ana wajibu wa kukisimamisha.

Miaka ya 1950 huko London, Michael Balint alianza kuwakusanya madaktari mara kwa mara wazungumzie wagonjwa waliowasumbua moyoni, siyo dawa walizowapa. Hilo linaweza kufanyika Songea au Kitui bila bajeti. Watu sita au wanane, saa moja kila baada ya wiki mbili, mlango umefungwa, simu za walio nje ya zamu zimezimwa. Mmoja anasimulia mgonjwa aliyemganda akilini, wengine wanasikiliza. Yanayosemwa humo yanabaki humo. Nimeona vijana waliokuwa hawasalimiani wakitoka kwenye mikutano ya namna hiyo wakibadilishana zamu kwa moyo mweupe.

Fedha nayo huchosha, na tusione haya kuisema. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na kiini cha mgogoro kilikuwa malipo ya watarajali: serikali ilitaka kulipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi ilhali mkataba wa mwaka 2017 ulikuwa umetaja takriban 206,000. Kwa Tanzania shida ya kila siku ni posho kuchelewa huku nyumbani wakijua wana daktari. Ada ya mdogo wako, mchango wa harusi ya binamu, paa la shangazi. Waambie mapema kiasi unachopokea, kwa tarakimu, hata kama ni aibu. Familia nyingi huelewa zikishajua. Zisipojua hubuni mshahara wao. Na kuwa mwangalifu na kazi za ziada kwenye zahanati binafsi. Najua zinalipa kodi ya chumba. Ila usiku unaouza huko unauchukua kwenye ule usingizi niliousema, na mgonjwa wa kesho hajui kwamba umeuuza.

Yaliyobaki ni ya kawaida nayo yana uzito wake. Kula kabla ya zamu. Beba ndizi na karanga mfukoni, hazikosekani sokoni. Baki na jambo moja lisilo la hospitali, iwe kwaya, mpira, swala ya jamaa au kupika siku ya mapumziko. Usijitibu. Diazepamu ya wodini "ya usiku mmoja tu" na tramadoli ya mgongo ndizo njia ambazo madaktari wengi duniani wameanguka nazo, kwa sababu funguo za kabati tunazo sisi. Ukijiona unahesabu saa hadi pombe ya jioni, hapo ndipo pa kumwita mtu.

Waganga wafawidhi na mabingwa, sehemu kubwa ya haya iko mikononi mwenu. Semina ya ustahimilivu kwa kijana aliyekesha saa 30 ni kumdhulumu. Mpeni kwanza siku ya kupumzika baada ya zamu na ihesabiwe kuwa haki yake. Chumba cha zamu kiwe na kitanda, maji na kufuli la ndani, hasa kwa mabinti, na lalamiko la kunyanyaswa na mkubwa lipokelewe na mtu asiye chini ya mkubwa huyo. Msimfedheheshe mtarajali mbele ya mgonjwa. Swali gumu linaweza kuulizwa kwenye korido na likafundisha vizuri zaidi. Na kama nikiruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa bingwa, ni hili: saa tatu usiku, kabla hujalala, piga wewe. "Hali ikoje huko? Kuna mgonjwa anayekutia wasiwasi?" Simu hiyo ya dakika mbili inaufungua mlango ambao mtarajali angeogopa kuugonga saa tisa.

Mwisho, kuna hali ambayo likizo haiiondoi. Uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea ukipumzika siku kadhaa mbali na wodi. Ukiona zaidi ya wiki mbili zimepita na huzuni inakufuata hadi nyumbani kwa mama, hulali hata ukipata nafasi, chakula hakipiti, na mawazo ya kufa yanakujia, hiyo inahitaji matibabu kama vile nimonia inavyohitaji. Septemba 2024 madaktari wa Kenya walimlilia mwenzao, intern, aliyejiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba, uamuzi uliompunguzia hofu anayetaka kuomba msaada.

Mwenzako akikuambia amechoka kuishi, usimhubirie. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake usiku huo. Funguo za kabati la dawa zishikwe na mtu mwingine. Mpigie msimamizi wa watarajali, na mtu mmoja wa nyumbani ambaye yeye mwenyewe amemtaja. Zamu yake igawaneni usiku huo huo bila kusubiri barua, na asubuhi mmoja wenu aende naye kwa daktari wa afya ya akili, ikiwezekana katika hospitali tofauti na mnayofanyia kazi, asije akakaa kwenye foleni na wagonjwa aliowatibu juzi.